Mkono wa Mzee Amâncio

"Ni yule Jucileide," Zulmira alisema, akimpara samaki mdogo mwenye miiba mingi kuliko nyama. "Alikula samaki wa Mzee Amâncio akiwa na mimba. Sasa mkono wa mzee wa watu umeingia nuksi."

Jucileide aliyasikia yote akiwa nyumba ya pili, ananyonyesha. Nyumba zao zilizozoea kuelea zilikuwa zimelalia tope upande upande. Mfereji wa kwendea mtoni ulikuwa umekauka. Mtumbwi haupiti, boti ya duka haiji. Kilichobaki ni ziwa, na ndani yake samaki mmoja mkubwa, pirarucu, ambaye angewavusha wote mpaka mvua. Na mpiga chusa ni Mzee Amâncio peke yake.

Mzee huyo alishika chusa kabla hajaota ndevu. Pirarucu hupanda juu kuvuta pumzi, naye humsikia kabla maji hayajatikisika. Hakuwa mtu wa kukosa. Siku hizi lakini alitoka alfajiri na kurudi mtumbwi mtupu, akatafuna unga wake wa muhogo mkavu.

Asubuhi moja Jucileide akamfuata, mtoto mgongoni, akizama topeni hadi magotini. Alitaka kumwomba msamaha. Akamkuta penye kona ya majani, ametulia ndani ya mtumbwi, chusa mapajani.

Samaki akaibuka pale pale, kichwa cheusi.

"Mpige, baba," Jucileide alinong'ona.

Mzee hakuinua mkono. Vipovu vidogo vidogo vikachemka kukizunguka kile kichwa.

"Watoto wake hao," mzee alisema. "Huyu ndiye baba anayewalea. Nikimtoa, piranha, wale samaki wenye meno, watawamaliza leo leo. Mwakani tutakula nini, tope?"

"Si uwaambie watu?"

"Niwaambie wenye njaa samaki alipo? Zulmira atakuja na shoka."

Jucileide akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Wananinyima hata kaa la moto, baba. Nyavu nisiguse. Nikipita wanahamisha vyombo. Na pa kuhamia hakuna."

"Najua. Na ile nyama ya samaki nilikupa mimi, kwa mkono wangu. Ulikuwa na njaa."

Mtoto akajinyoosha mgongoni. Mzee akamtazama, kisha akatazama maji, sauti ikashuka.

"Nakuomba, mwanangu. Mpaka mvua ije, wakisema ni wewe, usikatae."