Bakisha Ukuta Mmoja

Nyumba yangu haikubomolewa na serikali. Niliibomoa mimi, kwa mafundi niliowachagua mwenyewe.

Usinicheke kwanza. Soma.

Mwaka 2009, Atlabara, hapa Juba. Nilikuwa nasonga ugali nikasikia kitu kinakwaruza ukutani. Nikatoka na mwiko mkononi. Mwanamume mwenye kopo la rangi alikuwa amechora X nyekundu, kubwa kama mlango.

Akasema barabara inapita hapa. Tubomoe ndani ya wiki tatu. Wenye nyumba watapewa viwanja Lemon Gaba, nje ya mji.

Mimi nina diploma, niliipata Kampala ukimbizini. Sikulia. Nikatafuta wabomoaji.

Wa kwanza alikuwa Swaka, mwenye tingatinga. Alisema ataisukuma kwa nusu saa. Nikauliza tofali zangu zitakuwaje. Akacheka, akasema nitazizoa kwa ufagio.

Wa pili alikuwa Erifazi, Mganda, na wenzake wanne na mitaimbo. Yeye aliizunguka nyumba, akachokonoa kati ya tofali kwa msumari. Ni udongo, si saruji, akasema, zitatoka nzima. Mabati kwanza, kisha mbao na milango, halafu tofali kuanzia juu.

Nikampa kazi. Tofali zile tulizichoma wenyewe, mimi na marehemu mume wangu. Ndizo zingejenga Lemon Gaba.

Jirani yangu Santina, naye ana X yake, alikaa kwenye kiti cha plastiki akinywa chai.

"Mama Lilly, haraka ya nini? Umeambiwa Yesu anarudi Ijumaa?"

"Wewe ngoja. Tingatinga litakujibu."

Siku ya tano ulibaki ukuta mmoja, wa chumba cha watoto, wa bluu. Erifazi akaweka mtaimbo chini.

"Mama, hii tuache."

"Kwa nini?"

"Mimi iko Juba miaka tatu. Hapa kiwanja bila ukuta haina mwenyewe."

Nikaona ni uvivu. Fundi akikaribia kumaliza hakosi hadithi. Nikamwambia tulikubaliana nyumba nzima, si robo tatu.

Akanitazama. Akaubomoa.

Wiki iliyofuata wakaja wahesabu wa serikali na daftari. Wanaandika nyumba zilizosimama. Kila nyumba jina, kila jina kiwanja.

Kwa Santina wakaandika. Kwangu wakapita.

Nikawakimbilia. Nikamwonyesha mkubwa wao barua ya kiwanja, picha ya nyumba, na tofali zangu nilizozipanga safi kama mikate ya dukani.

"Malesh, mama," akasema. "Mafi bet."

Pole, hakuna nyumba.

"Si mlisema tubomoe?"

"Na wewe ukabomoa. Sasa nihesabu nini?"

Nilizunguka ofisi miezi minne. Kila meza ilinipeleka meza nyingine. Tofali nikaziuza sokoni Konyo Konyo, kidogo kidogo, ili watoto wapate kula.

Barabara haikuja. Santina ana nyumba Atlabara na kiwanja Lemon Gaba. Siku hizi akiniona hanitanii tena. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka uliofuata nilipita pale kwa boda boda. Kiwanja changu kilikuwa na ukuta. Mmoja tu, mpya. Tofali kadhaa zilikuwa na upande wa bluu.

Nikashuka. Juu ya jukwaa alikuwa Erifazi, na mwiko wake wa ujenzi.

Akashuka polepole. Akasema kuna mzee amepewa karatasi ya kiwanja hiki, kimeandikwa kitupu, amemwambia aanze na ukuta mmoja, mengine baadaye. Tofali zililetwa na lori. Hakuuliza zimetoka wapi.

"Mama Lilly," akasema, "mimi nilisema."

Nikagusa lile bluu. Lilikuwa na alama ya kalamu, pale nilipokuwa nampima Lilly urefu.

Nikamwambia wa boda twende.

Somo? Msomaji, kabla hujachagua kati ya mtaimbo na tingatinga, uliza nani atakuja kuhesabu, na atahesabu nini. Mimi niliuliza habari za tofali tu.

Sasa napanga chumba Lemon Gaba. Kuta zote nne ni za mtu.