Kuku wa Gereji

Fundi pikipiki wa Katoro hagusi yai kwa mkono wenye oili. Huusugua kwanza kwa majivu, kisha humwinamia kuku anayeatamia ndani ya tairi bovu chini ya benchi na kumwamkia kwa Kisukuma, kama anavyomwamkia mama: "Mwangaluka, mayu." Siku hizi watu hununua vifaranga wa mashine, yatima tangu kuzaliwa, lakini fundi hana haraka hiyo. Leo mayai yameanza kupasuka, na mchimbaji mmoja aliyetengenezewa pikipiki yake anataka kuiwasha.

"Usiwashe hapa! Kuku atashtuka awakanyage vifaranga. Isukume mpaka barabarani."

"Kumbe bosi wako ana manyoya, fundi?"

"Na leo anajifungua. Sukuma, baba."

Mchimbaji anaisukuma huku akicheka. Fundi anapiga magoti, spana ingali mkononi, na chini ya bawa anasikia kifaranga wa kwanza akilia.