Ngazi Haina Vidole

Wanafunzi wa udaktari humwita daktari wao wa kuchunguza maiti Mama Rula, kwa sababu rula ndogo ya chuma haimtoki mfukoni mwa koti. Kabla ya kuupasua mwili wowote huuzunguka mara mbili, kimya, mikono nyuma, na mwanafunzi anayekimbilia kisu huambiwa kwa sauti ya chini, "Tulia, mwanangu. Huyu hana haraka tena." Kwake kazi hii ni kumsikiliza mgonjwa asiyeweza kujieleza, na anayetaka kusikia nusu bora akae kwao.

Asubuhi moja aliletwa mwanamke kijana, na askari aliyefuatana na mwili alikuwa na fomu iliyokwisha kujazwa: ameteleza kwenye ngazi. "Mume ameshaeleza, daktari. Imebaki sahihi yako tu." Mama Rula aliuinua mkono wa marehemu taratibu, kama anayemvisha mtoto shati, akapima alama nne za damu iliyovilia juu ya kiwiko, kisha ya tano upande wa pili.

"Mnaona nini?" akawauliza wanafunzi. Wakasitasita, wakimtazama askari. "Nimewauliza nyinyi, si yeye."

Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Vidole, mwalimu. Kuna mtu alimkamata."

"Ngazi haina vidole," akasema Mama Rula, akamrudishia askari fomu yake na kuchukua nyingine tupu. Askari akamwonya kwamba hilo litamletea maneno. "Yaje," akajibu, akampa yule msichana kalamu. "Andika ulichokiona, mwanangu. Mimi nitatia sahihi."