Jani Lililobaki Jeupe

Siku ile kijijini Masama tulikuwa wanne: babu yangu Anaeli, mwanawe Elia ambaye ndiye baba yangu, shangazi Ndeshi dada yake baba, na mimi. Leo mjukuu wangu ananyunyizia kadi kahawa, na harufu imenirudisha kule.

Babu alikuwa hasemi na baba, kwa kuwa baba aling'oa mibuni ya babu apande nyanya. Krismasi ilikaribia na kwa babu tulikuwa tumekatazwa kukanyaga. Kwetu ukipelekewa jani la isale kuombwa msamaha, hukatai, ila mtoto hapeleki isale. Basi nikalaza jani la isale juu ya karatasi, nikachovya mswaki kwenye kahawa nzito, nikanyunyiza pande zote. Nilipolibandua, umbo lake likabaki jeupe, safi kabisa.

Tukaenda na kadi hiyo kwa babu; baba akabaki getini. Nikaingia, nikamkuta babu na shangazi.

"Shikamoo babu. Kadi yako ya Krismasi."

"Wewe! Nani kakutuma na isale?"

"Isale liko nyumbani, babu. Hapo ni pale lilipolala tu."

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, umeshikwa na katoto!"

Babu akaita, "Elia! Ingia ule."

Kama nimekosea jambo, ndugu zangu mnisahihishe. Ila kadi niliitengeneza mimi.