Fundo Nililolifunga Kwenye Kamba Nyekundu

Nakumbuka Jumanne moja ya baridi, mwanangu, nilipofunga fundo dogo kwenye kamba nyekundu nikadhani nimefanya jambo la akili. Mpaka leo nikiinama kufunga kamba za viatu, fundo lile hunijia.

Usinicheke ninapokuita mwanangu. Najua umri wangu haujafika wa kutoa nasaha. Harusini bado nacheza hadi viatu vinaomba ruhusa, na shule yangu iliishia darasa la saba kule Kigoma, tulikokimbilia kutoka Uvira. Lakini wewe unaanza kazi yako ya kwanza, na aliyetangulia kuvuka mto, hata kwa siku moja tu, humwonyesha mwenzake palipo na kina.

Wakati ule nilikuwa nimefika huku kwa Waswidi, nalala sebuleni kwa shangazi yangu, mtaa wa Rinkeby, na kila alfajiri nasafiri hadi Märsta, kwenye ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Nilikuwa kwenye majaribio. Nikimaliza miezi yangu vizuri ningepata mkataba wa kudumu, na bila mkataba huo nani atakupa ufunguo wa nyumba? Mimi nyumba yangu nilishaipamba kichwani: pazia la manjano, na meza ya watu sita ingawa nilikuwa peke yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkanda mrefu unatembea umebeba vifurushi, sisi tumesimama kando tunavichambua. Ubavuni mwa mkanda, usawa wa kiuno, ilipita kamba nyekundu toka mwanzo hadi mwisho. Ukiivuta, mkanda wote unasimama. Yeyote aweza kuivuta, hata aliyeanza leo, hata asiyejua neno la Kiswidi.

Sasa mimi, mwanangu, Mungu hakuninyima nyonga. Nikigeuka kidogo, pap! nimeigusa kamba, mkanda kimya, watu wote wananitazama. Jirani yangu pale mkandani alikuwa Mama Neema, mtu wa Bukavu, mwenye sauti ya kuita kwaya nzima bila kipaza sauti.

"Bibi harusi amesimamisha msafara!" akapiga kelele. "Leteni maua!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini moyoni nililiona pazia langu la manjano likipeperuka. Ndipo nikachukua kipande cha kitenge nilichofungia chakula changu, nikaivutia ile kamba kwenye nguzo, nikaikaza kwa fundo isinifikie. Siku ile mkanda haukusimama hata mara moja. Msimamizi wetu, mama wa Kiswidi mpole, akapita akaniinulia kidole gumba. Nilirudi Rinkeby nikiimba.

Kesho yake, kabla ya kahawa ya saa tatu, mkono wa sweta la Mama Neema ulinaswa kati ya mkanda na roli, lile gogo la chuma linaloviringika chini yake. Ukaanza kumezwa. Kwanza sweta, kisha vidole.

"Simamisha! Yesu wangu, simamisha!"

Nikaivuta kamba. Ikakaza hadi kwenye fundo langu, ikaishia hapo. Nikavuta tena kwa nguvu zote, na mkanda ukaendelea kutembea kana kwamba hatupo. Mzee Rajabu, fundi wetu, alikuja mbio kuliko umri wake, akalipita fundo, akavuta upande wa pili. Mkanda ukasimama.

Mkono ulipona. Vidole viwili vilivunjika na ngozi ikachubuka, lakini mkono ulipona. Na mimi nilifanya nini? Naona haya kukuandikia. Wakati wenzangu wanamsaidia Mama Neema, nilifungua fundo na kuficha kitenge mfukoni.

Mama Neema alipotoka hospitali kesho yake na bandeji yake, msimamizi alikuwa tayari ameanza kuandika taarifa: mfanyakazi alivaa nguo isiyofaa, kamba ilikuwa salama. Maana yake, kosa ni lake, na onyo la maandishi ni lake. Mimi nilikaa chumba cha kahawa nikitazama kikombe.

Mzee Rajabu akaja akaketi mbele yangu. Huyu ni mtu wa Tanga, aliletwa huku ujanani kujifunza mitambo, akabaki. Wafanyakazi walikuwa wamemchagua awe mjumbe wao wa usalama. Akakoroga kahawa yake taratibu.

"Mwanangu, hicho kitenge mfukoni ni cha nani?"

Nikakisukumia ndani zaidi kwa kiganja.

"Bibi yako alipolima," akasema, "jua likizama alipumzika. Mashine haina jua. Zilipoanza viwandani, watu walizifuata mpaka wakaanguka, na watoto walitambaa chini yake kuunga nyuzi. Waliobuni mashine inayokwenda walisifiwa sana. Lakini wako waliobuni namna ya kuisimamisha. Na wako watu wa kawaida, hawana shule kama wewe, waliosimama wakadai: mkono wa kusimamisha mashine usiwe wa bosi peke yake, uwe wa yule anayeihudumia. Hata kahawa hii tunayokunywa tumekaa kitako, wako walioigombania. Kamba ile, binti, imesokotwa kwa vidole vya watu. Wewe umeifunga kwa kitenge ili upewe kidole gumba."

"Mzee, nikisema watanifukuza. Nimebakiza wiki tatu."

"Huenda. Nitakaa kando yako. Lakini kusema utasema mwenyewe. Mimi siwezi kukutafunia."

Mficha uchi hazai, mwanangu. Nilikwenda. Kiswidi changu kilikimbia chote, nikabaki kukiweka kitenge juu ya meza ya msimamizi na kunyoosha kidole kwangu mwenyewe. Mzee Rajabu akatafsiri yaliyobaki. Mama Neema alikuwapo.

"Kumbe ni weye!" akaruka. "Ma chérie, mkono huu ndio nasongea bugali!" Akanisukuma kwa mkono mzima, kisha akaangua kilio, nami nikaangua changu, msimamizi akabaki anatafuta karatasi za kufutia machozi.

Taarifa iliandikwa upya, na onyo likawa langu. Majaribio yangu yakaongezwa, na pazia likasubiri. Lakini msimamizi aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: kwa nini ulifunga? Nikasimama pale mkandani nikageuka, pap! Wote wakaona. Wiki ile ile mafundi waliihamisha kamba juu kidogo, inapofikika kwa mkono bila kugongwa na kiuno. Aliyeipima mwanzoni hakuwahi kufikiria nyonga za Uvira! Ningenyamaza, yeyote angekuja kuifunga tena baada yangu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkataba ulikuja, nyumba ikaja, na mezani pangu Jumapili hapatoshi. Mzee Rajabu amestaafu, anakaa Vällingby, na wenzangu walinichagua mimi nishike nafasi yake. Siku hiyo Mama Neema alileta maua kweli, ya manjano. Kila Jumatatu asubuhi naijaribu kamba mwenyewe. Naivuta, na mtambo wote ule, mrefu kuliko kanisa letu, unasimama kwa mkono wa mtu wa darasa la saba. Sijui kama unaelewa fahari yake. Siku moja utaielewa.

Basi sikia. Kwenye kazi yako mpya, kabla hujauliza mshahara, uliza mtambo husimamishiwa wapi. Usione haya kusimamisha. Aibu ya dakika moja hupona, vidole havioti tena. Kitu cha usalama kikikusumbua, kiseme, usikifunge. Ukishakosea, toa kitenge mfukoni mapema, kabla hakijafungwa shingoni mwa mwenzako. Na saa ya kahawa ikifika, kaa, unywe, uwakumbuke walioipata kabla yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akurudishe nyumbani kila jioni na vidole vyako vyote kumi, na akupe sauti siku ya kusema "simama", na wa kukaa kando yako siku ya kusema "ni mimi".