Nilijifunga tumbo kwa leso siku ya kuongoza kasida

Wakuu, salamu huko mliko. Kompyuta ni ya mjomba, akirudi ofisini naondoka, kwa hivyo sina wakati wa kuongopa.

Nianze na upumbavu wangu. Siku ya maulidi, ndani ya kanzu, nilijikaza tumbo kwa leso ya mamangu. Mafundo mawili.

Sababu ni hii.

Ustadhi Bakari, anayetufunza kasida pale madrasa yetu ya Timbwani, haanzi na sauti. Anaanza na pumzi. Tunalala chali mkekani, kila mtu na ndara yake juu ya tumbo. Ukivuta pumzi, ndara ipande. Mabega yakipanda, umefeli.

"Ukiiweka kifuani itakukimbia," husema.

Sawa. Lakini nikisimama nikivuta hivyo, kanzu inafura mbele. Saidi, mwenzangu wa kuimba, akaniuliza mbele ya wasichana, "Bwana we, unajifungua lini?"

Ndipo nikaiona ile leso.

Na mjue, kuongoza nilipewa mimi. Nikiharibu, nafasi ni ya Saidi. Mamangu alishawatangazia majirani wote.

Mstari wa kwanza mfupi, ukatoka safi. Nikajiona.

Wa pili ni mrefu na haukatwi katikati. Nikavuta pumzi, tumbo likagoma. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Nusu ya mstari, sauti ikafa kama kaseti iliyoliwa na redio.

Saidi akaudaka, akaumalizia, akaongoza mpaka mwisho. Vizuri pia, mshenzi yule.

Baadaye Ustadhi akaniita kando. "Umefanya nini?"

Nikafunua kanzu.

Akaitazama leso, akanitazama mimi. "Pumzi ingeingia wapi, na mlango umeufunga? Mwakani ataongoza Saidi."

Basi. Nilichojifunza: mwalimu akikuhangaisha na tumbo mwezi mzima kabla ya kukuimbisha, hajapoteza wakati wako. Wenye kufunza kuimba humu, nyinyi mnaanzia wapi? Na aliyewahi kukatikiwa na sauti mbele ya watu ajitokeze, nisichekwe peke yangu.

Mamangu alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Nyumbani nilingoja kofi. Akavua buibui, akaketi, akasema:

"Mstari wa kwanza nimekusikia, mwanangu. Wa pili nilikuwa nakuvutia pumzi mimi, hata mamake Saidi akaniuliza kama nina pumu."