Betri Nne na Santuri ya Kupinga Vita

Jalada lake lilikuwa na picha ya buti za askari zilizopangwa mstari kwenye nyasi, na ndani ya buti hamna miguu. Nilipewa santuri hiyo na mhadhiri wa kigeni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, na mwaka wangu wa mwisho chuoni tuliisikiliza bwenini mpaka tukajua kila mahali sindano inaporuka. Waimbaji walikuwa vijana wa ng'ambo wenye nywele ndefu, magitaa yao ya umeme yakilia kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Walikuwa wakipinga vita ambavyo serikali yao ilipigana mbali, katika nchi ya watu wengine. Wakati huo nilibishia kila kitu, hata mihadhara ya Ujamaa ambayo wenzangu waliinakili kama sala. Santuri ile sikuwahi kuibishia, na sikujiuliza kwa nini.

Upande wa pili uliishia kwa kipande kisicho na wimbo: dakika kama tatu za miguu ya watu wakitembea, basi. Tulikuwa tukiinua sindano hapo. Tulidhani nyimbo ziliwaishia.

Vita vya Kagera vilinikuta nafundisha Biharamulo. Kaka yangu alikuwa mgambo kijijini kwetu Kirushya. Alipanda lori na wenzake, na mama akabaki na redio. Barua haikufika hata moja. Lakini kila Jumamosi alasiri kulikuwa na kipindi ambamo askari wa mstari wa mbele waliwasalimu watu wa nyumbani kwa sauti zao wenyewe. Mama hakutaka habari za miji iliyotekwa. Alitaka kuisikia sauti ya mwanawe. Alifungua redio kwa kipindi hicho tu, kisha akazitoa betri zote nne na kuzifunga kwenye kitambaa, maana duka la kijiji lilikuwa halijaona betri kwa miezi.

Nilikwenda likizo na gramafoni yangu, ile ndogo ya sanduku lenye kishikio. Nayo ilitumia betri nne, za ukubwa uleule.

Ijumaa asubuhi mama alikwenda shambani kung'oa maharage. Nikajiambia nitasikiliza upande mmoja tu. Nilitaka kujua kama maneno ya santuri ile yangesimama hapa, ambapo vita vilikuwa vyetu na sisi ndio tuliovamiwa. Swali lilikuwa halali. Betri hazikuwa halali.

Jirani yetu alisikia kelele, akaja na jembe begani. Alikuwa mzee aliyekimbia kutoka Burundi miaka kadhaa nyuma, akapewa kiwanja karibu na chetu nyumba zilipohamishiwa kando ya barabara. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akasikiliza kidogo, akauliza hao ndani ya sanduku wanagombania nini. Nikamfasiria kwa Kihangaza cha kwetu, ambacho Kirundi chake hukimeza bila kutafuna.

"Wanasema askari wote wakiweka bunduki chini na kurudi nyumbani, vita vimekwisha."

"Vita vyenyewe vilikuwa wapi?"

"Mbali, mzee. Kwa watu wengine."

"Na kwao kulikuwa salama?"

"Kulikuwa salama."

"Basi wanasema kweli," alisema. "Wao wana pa kurudi. Mimi vilinikuta nimekaa kwangu, nakula."

Hata hakungoja jibu langu. Alikuwa ameshavutiwa na ngoma. Alisema mpiga ngoma wao amelelewa vizuri, ila yule anayepiga kelele apewe maji. Akaomba kusikia tena, nami, nikifurahi kupata mtu wa kubishana naye, nikageuza santuri upande wa pili, kisha nikarudia wa kwanza.

Kesho yake alasiri sauti ya mtangazaji ilianza chini. Mama akaongeza sauti. Askari wa kwanza akasalimu, wa pili akasalimu kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, wa tatu hatukumsikia kabisa. Mama akazitoa betri, akazianika juani kwenye ungo, katikati ya maharage, kama kijiji kizima kilivyofanya, kwa kuwa betri iliyochoka ikipata jua hujikongoja kidogo. Akazirudisha. Redio ikakoroma kwa pumzi kumi, ikanyamaza.

Akaziweka kiganjani, akaniangalia.

"Ulizitumia?"

"Ndiyo, mama."

"Kufanya nini?"

Nilikuwa nimejibu mitihani mingi, lakini sikuwahi kusikia jibu langu likichekesha namna ile. "Kusikiliza nyimbo za kupinga vita."

"Haya," alisema. "Vimepingika?"

Jumapili niliamka mapema nikaenda kwa miguu hadi Ntobeye, kwa mganga wa zahanati ambaye nilijua huwa hakosi kipindi kile. Bahati ilikuwa upande wangu: alikuwa amemsikia kaka. Kaka alikuwa ametaja jina lake, la mama na la kijiji, akasema yu mzima, na mbuzi mweupe asichinjwe mpaka arudi. Nilirudi nusu nikikimbia. Mama alinitaka nirudie maneno yale mara tatu. Akafunga macho, akashukuru, akaenda kubandika chungu. Nikadhani nimesamehewa. Kisha akiwa palepale jikoni, amenipa mgongo, akauliza, "Sauti yake ilikuwaje?"

"Sikuisikia, mama. Nimeambiwa."

"Ndiyo," alisema. "Umeambiwa."

Kaka alirudi vita vilipokwisha. Yule aliyekuwa akiita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde sasa alizungumza chini chini, hata ukalazimika kumsogelea. Siku moja mama aliniuliza kama hata siku ile ya redio sauti yake ilikwisha kuwa hivyo. Nilifikiria kurudi Ntobeye kumwuliza mganga, kisha nikaona aibu. Nilimwuliza kaka mwenyewe. Alikumbuka foleni mbele ya kinasa sauti na mtu anayewaambia wafanye haraka. Sauti yake hakuikumbuka.

Kiangazi kilichopita nilikwenda nyumbani na gramafoni tena. Sikuwa nimeigusa santuri ile tangu Ijumaa ile. Nilitaka kuisikiliza na mtu aliyekwenda vitani, nione ni nani atashindwa: wale vijana, mimi, au jirani yetu na jembe lake. Betri bado zilikuwa za kutafuta. Mama, aliyekuwa akitusikia tukizungumza, alitoka ndani na kile kitambaa, chenye betri nne alizozipata baada ya zile kufa, akakiweka mapajani kwangu.

"Zimalizeni," alisema. "Leo hakuna salamu."

Kaka aliusikiliza upande wa kwanza kwa heshima, kama mtu aliye kwenye mahubiri ya dhehebu jingine. Kwenye wimbo wa kelele nyingi alitabasamu. Aliniuliza kama vijana hawa waliwahi kubeba bunduki. Nikasema sijui, nadhani hapana.

"Inasikika," alisema, bila dharau.

Upande wa pili ulipofika mwisho nilipeleka mkono kuinua sindano, kwa mazoea. Akanishika kiwiko. Miguu ikaanza kutembea. Akainamisha kichwa, akasikiliza kwa umakini ambao hakuuonyesha kwa wimbo wowote.

"Hawa wamekula," alisema baada ya muda. "Wanakwenda haraka mno."

Betri zilikuwa za zamani. Santuri ikaanza kupunguza mwendo, na hatua zikawa nzito, kila moja ikiburuta nyingine, zikiachana kwa nafasi ndefu. Nikasema ngoja nizitoe nizianike.

"Ziache," alisema kaka. "Hapo sasa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage. Hatua zikazidi kuwa nzito.

"Ndivyo mlivyokuwa mkitembea?" aliuliza.

"Ndivyo, mama."

Aliweka ungo chini, akaketi karibu naye, sikio akalielekeza kwenye sanduku. Tulisikiliza mpaka santuri ikasimama yenyewe, sindano ikiwa bado juu yake.